Reli Inayotosha Juu ya Benchi



Mara nyingi tukiwaambia watu kwamba tunaishi Nyakato, hutuuliza tuko mtaa gani wa Mwanza. Hatuwalaumu. Nyakato yetu ni ya Musoma, na haina sifa ya kujulikana mbali. Ina upepo wa ziwa, ina mawe makubwa yaliyoketi nyuani mwa watu kama wazee wa baraza, na ina watoto wengi ambao hawajapata kuiona treni kwa macho yao. Mkoa wetu wa Mara hauna treni. Habari za reli ya kutoka Tanga na Arusha kuja Musoma zimezungumzwa kwa miaka mingi, lakini hadi leo anayetaka kupanda treni hana budi kwanza apande basi.

Mwaka 2024, treni ya umeme ilipoanza safari zake baina ya Dar es Salaam, Morogoro na Dodoma, kijana wetu alikuwa na umri wa miaka 12. Aliitazama kwenye televisheni mpaka taarifa ikaisha, kisha akatuuliza: "Baba, treni haina usukani. Inakunja kona vipi?" Tulimjibu kwamba inafuata reli. Akasema hilo analijua, ila reli inapopinda, ni nani anayeliambia gurudumu? Tukamwambia akalale.

Swali lile halikulala. Siku zilizofuata kijana alianza kuokota waya, vifuniko na vipande vya maboksi, na sisi kwa kuona haya ya kukosa jibu tukaamua kumjengea reli. Hapo ndipo lilipoanza kosa ambalo leo tunataka kuwasimulia, kwa sababu tunaamini si kosa letu peke yetu.

Ua wetu una mita sita kwa nne. Ndani yake mna jiko la nje, kamba za kuanikia nguo, mapipa ya maji, banda la kuku na jiwe moja kubwa la bapa. Juu ya jiwe hilo mama watoto huanika dagaa anaowanunua mwaloni, na mapato yake ndiyo yanayolipa daftari, sare na mara nyingine chumvi ya nyumba hii. Sisi hatukuyaona hayo. Tuliona mita sita za ardhi tupu.

Tukachota mchanga, tukainua tuta, tukatangaza kwamba tunajenga Reli ya Kati yote. Mlango wa jikoni ukawa Dar es Salaam, nguzo ya kamba ya nguo ikawa Tabora, banda la kuku likawa Mwanza. Jiwe la dagaa tukalifanya milima ya Usagara. Mama watoto alipouliza dagaa wake wataanikwa wapi, tulimwonyesha sehemu ya chini, karibu na mfereji, tukamwambia ni kwa siku chache tu.

Siku chache zikawa wiki tatu. Mwishoni mwa Oktoba, mama watoto alikwenda msibani mtaa wa pili. Aliacha ndoo mbili za dagaa zimeanikwa pale chini, akatuomba tulitazame wingu. Wingu tuliliona. Lilitoka ziwani, jeusi na lenye haraka, nasi tulikuwa tumeinama tukimalizia daraja. Tulisema: tumalize kwanza daraja.

Mvua ya vuli haingoji daraja. Ilipokatika, tuta lote lilikuwa limesombwa, na dagaa walikuwa wamekwenda na maji hadi mferejini. Mama watoto aliporudi, aliwaokota waliosalia, akawatia kwenye sinia, akaliweka sinia mbele yetu, akasema: "Baba watoto, treni yenu imefika." Hakuongeza neno. Jioni ile kijana aling'oa mwenyewe mabaki ya reli bila kuambiwa, akayarundika nyuma ya banda. Na tangu siku ile hakuuliza tena juu ya gurudumu wala juu ya jambo jingine lolote.

Wapo waliotushauri tufurahi, kwani mchezo wa kitoto umekwisha na mtoto atarudi kwenye masomo. Hatukufurahi. Mtoto aliyenyamaza kwa sababu swali lake limeiletea nyumba hasara amejifunza jambo baya kuliko kufeli hesabu. Wasomaji wanakijua kisa cha mtoto Abu Umayr, ambaye Mtume (s.a.w) alimuuliza habari za ndege wake mdogo. Tukijipima na kisa hicho tuliona aibu: tulikuwa tumechimba ua mzima kwa jina la mtoto, na hatukumuuliza hata mara moja yeye mwenyewe anataka nini.

Jambo la kwanza tulilofanya ni kurudisha mtaji wa mama watoto. Ilituchukua miezi miwili. Baada ya kuurudisha ndipo tulipomwomba ruhusa ya kujaribu tena, naye akatupa masharti matatu. Reli itoke nje baada ya Alasiri dagaa wakiwa wamekwisha kuanuliwa, na iingie ndani kabla ya Maghrib. Msumari hata mmoja usibaki chini, maana watoto hutembea peku. Na fedha ya jikoni isiguswe. Kisha akatuonyesha mahali penyewe: ukuta wa kaskazini, chini ya upenu, penye nafasi ya kuweka benchi moja. "Hapo," alisema. "Pengine hapana."

Ndugu msomaji, pale ndipo tulipomkumbuka mtu ambaye tangu mwanzo tulipaswa kuanza naye. Baba yetu mzazi, ambaye watoto wanamwita Babu, alikuwa katika mwaka wake wa tatu wa kukaa nasi. Presha ya macho ilikuwa imemwachia mwanga kidogo tu. Kutwa alikaa juu ya mkeka kando ya ukuta uleule, hasemi ila akisalimiwa. Mzee huyu alifanya kazi katika yadi ya stesheni ya Tabora tangu zama za Shirika la Reli la Afrika Mashariki, kabla ya Jumuiya ile kuvunjika mwaka 1977. Tulijenga reli nzima hatua tano kutoka kwenye mkeka wake, na hatukumuuliza neno mtu pekee wa nyumba hii aliyewahi kufanya kazi relini.

Kijana alikwenda akamketia kando, akamrudia swali lake la usukani. Babu alikaa kimya kwa muda, kisha akaomba vikombe viwili vya plastiki, vile vyembamba chini na vipana mdomoni. Akavigundisha mdomo kwa mdomo. Akaagiza fito mbili ndefu zilazwe sambamba, zimeinuliwa kidogo upande mmoja, akavitia vikombe juu yake vibingirike. Vilipoelekea kuanguka kushoto vilijirudisha katikati, vilipoelekea kulia vilijirudisha pia. Jaribuni nyumbani, mtaona.

"Gurudumu la treni halikuchongwa sawa," Babu alieleza. "Upande wa ndani ni pana zaidi, upande wa nje ni jembamba, kama vikombe hivi. Likifika penye kona, ekseli inasogea kidogo kwa nje. Gurudumu la nje linakanyagia sehemu yake pana, la ndani linakanyagia sehemu yake nyembamba. Moja linakwenda mbali zaidi kuliko jenzake katika mzunguko uleule, na treni inakunja. Ule mdomo wa gurudumu ulio upande wa ndani ni mlinzi tu, wa kuzuia lisitoke." Huo ulikuwa usemi wake mrefu kuliko yote tuliyoyasikia kwake kwa mwaka mzima.

Kisha akauliza tuna nafasi kiasi gani. Kijana akajibu kwa unyonge: "Mama ametupa ya benchi moja tu, Babu." Mzee akasema: "Linatosha. Mimi nimefanya kazi miaka yote ile, na sikwenda mbali na stesheni."

Kijana hakuridhika mara moja. Alitaka ile treni ya televisheni, inayokwenda kilomita 160 kwa saa. Tukampa kalamu. Tulikuwa tumechagua kipimo cha 1 kwa 50, kwa kuwa ni chepesi kwa rula ya shule: mita moja ya kweli ni sentimeta mbili za kwetu. Akagawa kasi ile kwa 50, akapata kilomita 3.2 kwa saa, mwendo wa mtu anayetembea taratibu. Akapima benchi: sentimeta 160. Treni yake ingeingia upande mmoja na kutokea upande wa pili kwa muda usiofika sekunde mbili. Akagawa pia masafa ya Dar es Salaam hadi Mwanza, ambayo ni zaidi ya kilomita 1,200, akapata kilomita 24. "Kwa hiyo ile ya mchanga ilikuwa uongo," alisema. Ilikuwa uongo kweli. Nafasi ndogo haikubali safari ndefu. Inakubali mahali pamoja, pakifanywa vizuri.

Wala reli fupi si jambo la kudharauliwa. Sultani Barghash bin Said wa Zanzibar alikuwa na reli yake ndogo kutoka mjini kwenda kwenye kasri lake la Chukwani. Mabehewa yalianza kwa kukokotwa na nyumbu, kisha mwanzoni mwa miaka ya 1880 ikaagizwa injini ya moshi kutoka Uingereza. Reli hiyo haikudumu baada ya Sultani kufariki mwaka 1888, lakini kisiwa kilikuwa kimekwisha kusikia honi ya treni kabla Reli ya Kati haijaanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905.

Turudi kwenye benchi letu. Kabla ya kulaza reli, ilitubidi tuchague upana, yaani nafasi iliyo baina ya chuma na chuma. Hili nalo likawa somo. Reli ya Kati ina upana wa milimita 1,000, na kwa kipimo chetu ni milimita 20. TAZARA, iliyojengwa kwa msaada wa China katika miaka ya 1970, ina milimita 1,067, ambazo kwetu ni 21 na kidogo. Reli ya Hijazi, iliyojengwa kati ya 1900 na 1908 kutoka Damascus hadi Madina kwa amri ya Sultani Abdulhamid II na kwa michango ya Waislamu wa nchi nyingi, ilikuwa na milimita 1,050, yaani 21 kamili. Na reli mpya ya umeme ina 1,435, ambazo ni karibu 29.

Kijana aliuliza kwa nini milimita 67 ziwe jambo kubwa. Babu akamjibu kwamba kwa sababu ya hizo 67, behewa la Reli ya Kati haliwezi kuendelea juu ya TAZARA. Kule Kidatu, zinapokutana reli hizo mbili, mzigo hauna budi uhamishwe kutoka behewa hadi behewa. Kijana hakuamini sana mpaka alipotengeneza jozi yake ya kwanza ya magurudumu, akakosea kwa unene wa kifungo kimoja. Behewa lilianguka lilipoguswa tu. Tangu hapo rula haikumtoka mkononi.

Vifaa tulivyotumia viko katika kila mtaa. Tulinunua gundi na bawaba mbili, tena kwa fedha ya mfukoni mwetu. Vingine vyote vilipatikana. Ubao ulikuwa wa kitanda kilichovunjika, vipande viwili vya sentimeta 80 kila kimoja, upana sentimeta 30. Bawaba tulizitia chini ya ubao, si juu. Ubao unapokunjuliwa, uzito wake wenyewe unazibana ncha mbili zikakutana vizuri, na unapokunjwa unaegemezwa ukutani kama mlango mdogo.

Reli zenyewe ni spoki za baiskeli. Tulizikata vichwa, tukazilaza juu ya mataruma ya vijiti vya mianzi, tukazishika kwa misumari midogo ya fundi viatu. Magurudumu ni vifungo vya nguo tulivyopewa na fundi cherehani: kifungo kidogo ndicho kinachokanyaga reli, kikubwa kilichogundishwa upande wa ndani ndicho mdomo. Tundu la katikati tulilitoboa sisi wenyewe kwa msumari uliopashwa moto, kwani kazi hiyo haifai kuachiwa mtoto. Ekseli ni kijiti cha mshikaki kinachozunguka ndani ya kipande cha mrija wa soda. Mabehewa ni maboksi ya majani ya chai yenye kokoto ndani ili yapate uzito, maana behewa jepesi huruka reli. Kila behewa lina ndoano ya waya mbele na nyuma.

Sasa tufike kwenye ramani, ambayo ndiyo siri ya mahali padogo. Hatukujenga duara. Duara hula nafasi, na mtoto huchoka kulitazama. Tulijenga yadi, na mpango wake tuliuchukua kwa Mwingereza mmoja, Alan Wright, aliyeutunga kwa ajili ya watu wasio na nafasi na kuuita Inglenook Sidings. Babu alipoelezwa alicheka, akasema Mwingereza huyo amemwibia kazi yake.

Mpango ni huu. Upande mmoja kuna njia moja tu, tunayoiita mkia. Mkia unaingia katika njia panda ya kwanza, unagawanyika, kisha tawi moja linagawanyika tena, hata zikapatikana njia tatu za kuegeshea. Ndefu inachukua mabehewa matano. Fupi mbili zinachukua matatu matatu. Mkia unachukua injini na mabehewa matatu, hauchukui zaidi. Behewa letu pamoja na ndoano ni sentimeta 13, kwa hiyo njia ndefu ni 65, zile fupi ni 39 kila moja. Injini ni sentimeta 16, hivyo mkia ni 55. Kila njia panda tuliipa 25. Jumlisha mwenyewe, ndugu msomaji, utaona benchi linatosha na pembeni kunabaki nafasi ya jengo la stesheni.

Njia panda tuliifanya kwa kipande cha ubao mwembamba cha urefu wa kiganja, kilichobeba jozi moja ya reli na kukomewa msumari mmoja upande wa nyuma ili kiweze kuzunguka. Ncha yake ya mbele husukumwa kwa kidole, ikakutana na njia ya kulia au ya kushoto. Misumari miwili pembeni huizuia isipite mahali pake. Injini haina mota. Inasukumwa kwa mkono, na mabehewa yanaachanishwa kwa kijiti chenye ndoano.

Mabehewa ni manane, na kila moja lina mzigo wake: pamba, chumvi, saruji, mahindi, mbao, mafuta, ng'ombe na dagaa. Mwanzo matano husimama katika njia ndefu na matatu katika fupi mojawapo, na ile fupi ya pili huwa tupu. Mchezaji huokota majina matano kutoka kwenye kikombe, na kazi yake ni kuyapanga mabehewa hayo katika njia ndefu, kwa utaratibu uleule yalivyookotwa. Wenyewe wa reli huiita kazi hii shantingi. Inaonekana nyepesi mpaka ukutane na ule mkia usiokubali behewa la nne.

Idadi ya utaratibu unaoweza kutoka ndani ya kikombe ni 6,720. Kijana aliipata kwa kuzidisha 8 kwa 7 kwa 6 kwa 5 kwa 4. Ukicheza mara moja kila siku utamaliza baada ya miaka 18 na zaidi, na reli yenyewe haijafika mita mbili.

Mara ya kwanza kijana alihangaika kwa saa nzima. Alisukuma, akavuta, akakwama na ng'ombe nyuma ya saruji. Babu alikuwa kwenye mkeka wake, uso ameuelekeza kwingine. Akasema: "Nisomee yalivyo." Kijana akamsomea, njia kwa njia. Mzee akahesabu kwa vidole, akasema: "Vuta chumvi na pamba, zitupe njia ya tatu. Rudi, chukua ng'ombe peke yake." Akaendelea hivyo hatua kwa hatua. Treni ikakamilika, na macho yake hayakuwa yameliona hata behewa moja.

Jioni iliyofuata tulimsogezea benchi hadi mkononi. Tukaona kwamba haja yake ni kugusa, basi tukaupa kila mzigo alama ya vidole: tonge la pamba ya kweli, punje za mahindi zilizogundishwa, ganda la mti kwa mbao, kipande cha ngozi kwa ng'ombe, kopo la dawa kwa mafuta, mawe ya chumvi, vumbi la saruji lililogandishwa, na dagaa mmoja mkavu. Huyu wa mwisho alituletea ajali yetu ya kwanza. Paka wa jirani aliiteka treni ikiwa stesheni, akakimbia na behewa zima hadi juu ya ukuta. Mama watoto alicheka hadi akakaa chini. Ndiyo mara ya kwanza alicheka juu ya habari ya treni tangu siku ile ya sinia. Kesho yake yeye mwenyewe alichonga dagaa wa mti, akamleta bila maneno, na tangu hapo kikombe cha majina kikawa mikononi mwake. Ndiye anayeokotesha, na ndiye anayepaza sauti jua likielekea kuzama: "Treni ya mwisho!" Ubao unakunjwa, misumari inakaguliwa, watu wanakwenda kutawadha.

Tumeulizwa kama jambo hili halikumharibia kijana masomo. Tunajibu kwa tuliyoyaona tu. Alijifunza kugawa kwa 50 bila kulazimishwa. Alijifunza kwamba milimita moja inaweza kuangusha behewa. Alijifunza kuuliza tena, na la muhimu zaidi, alijifunza kumuuliza nani. Sisi tulijifunza kwamba ua si ardhi tupu. Kila hatua yake ina mtu anayeitegemea kwa saa fulani ya siku, na anayetaka kujenga kitu ndani yake, hata kama ni kwa ajili ya mtoto, aanze kwa kumuuliza mtu huyo kabla ya kuchukua futi.

Kwa hiyo msomaji anayetaka kujaribu, asianze na mbao wala spoki. Akae siku moja uani kwake, aandike nani anakuja, saa ngapi, kufanya nini. Nafasi itakayobaki ndiyo ya reli. Ikiwa ni ya benchi, ashukuru. Ikiwa ni ya nusu benchi, apunguze kipimo, asipunguze haki ya mtu.

Januari mwaka huu kijana amekwenda kidato cha kwanza, shule ya bweni. Benchi limebaki chini ya upenu pamoja na Babu na binti yetu wa miaka minane, ambaye sasa ndiye anayesoma mabehewa. Jumamosi mlezi wa bweni huwaruhusu watoto wapige simu nyumbani, dakika chache kila mmoja. Kijana wetu hutoa salamu, huuliza hali ya mama yake, kisha huomba apewe Babu. Hamwambii habari nyingi. Humtajia mabehewa matano: mbao, chumvi, dagaa, mafuta, pamba. Babu hushika simu sikioni, vidole vya mkono wa pili vikitembea juu ya goti lake kama juu ya ubao. Kisha husema idadi ya hatua. Upande wa pili kijana husema amepata mbili zaidi, naye Babu humwambia akafikirie tena mpaka Jumamosi.

Wiki ijayo, Insha Allah, tutazungumzia sanduku la mtoto anayekwenda shule ya bweni: nini kinafaa kuwemo, na nini wazazi tunatia kwa ajili ya kujifurahisha wenyewe.